Nafasi ya Nane: Namna ya Kuteua Timu za Kikapu za Vyuo Tanga Bila Kugombana

Timu saba za kwanza hazileti maneno. Maneno huletwa na ya nane iliyoingia na ya tisa iliyobaki nyumbani. Ukiitisha kikao cha kuteua timu 8 kutoka vyuo 14 vya Mkoa wa Tanga, saba mtazimaliza kabla chai haijapoa. Ya nane ndiyo itakayowakeshesha, na kesho yake itajadiliwa kwenye kila baraza la kahawa Ngamiani, hata na watu wasiojua kikapu kinafungwa vipi.

Mwongozo huu ni wa kamati za mashindano, makatibu wa michezo wa serikali za wanafunzi na walimu walezi wa timu. Mfano wa vyuo 14 na nafasi 8 tutaufuata mwanzo hadi mwisho. Pale inapofaa tutachungulia Marekani, ambako ugomvi huu huu hurudi kila Machi. Mashindano yao ya vyuo ya wanaume yalipanuliwa hadi timu 68 mwaka 2011. Watanzania wengi waliyafuatilia 2009, Hasheem Thabeet alipoisaidia Connecticut kufika nusu fainali. Mwaka 2025 timu 31 ziliingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao, na 37 zilizobaki zilichaguliwa na kamati ya watu 12. Fedha wanazo, kompyuta wanazo, wataalamu wamejaa, na bado wanalaumiwa. Kwa hiyo lengo lenu lisiwe kumridhisha kila mtu. Lengo ni kwamba atakayeachwa aweze kuifuata hesabu yenu mstari kwa mstari na afike mlipofika.

Uwanja ndio unaoamua idadi

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kuteua: kamati inatangaza timu 10 kwa sababu "wengi wameomba". Hesabuni uwanja kwanza. Mechi ya robo 4 za dakika 10, ukiongeza mapumziko, muda wa makocha, faulo na kupasha misuli, hula kama saa moja na nusu. Kwenye uwanja wa wazi usio na taa, joto la Tanga haliruhusu kuchezesha watu kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Zinabaki mechi mbili asubuhi, saa 1:00 na saa 2:40, na mbili jioni, saa 9:00 na saa 10:40. Ya mwisho inaisha saa 12 na dakika kumi hivi, mwanga ukianza kukimbia. Ijumaa haina shida, kwa sababu swala inaangukia ndani ya pengo hilo.

Mechi 4 kwa siku ni sawasawa na timu 8 kucheza mara moja kila siku. Makundi mawili ya timu 4 yana mechi 12, yaani siku 3: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nusu fainali ni Jumamosi jioni, mshindi wa tatu na fainali ni Jumapili. Jumla mechi 16. Mkiweka timu 10, makundi mawili ya 5 peke yake yana mechi 20, na mashindano yanakula wiki nzima. Chakula na malazi ya timu za kutoka Lushoto na Handeni nani analipa? Siku hizo za ziada ndizo hugeuka deni.

Gawanyeni nafasi kabla ya mechi ya kwanza

Kwa vyuo 14, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: nafasi 4 za mabingwa wa kanda, nafasi 4 za kamati. Kanda ziwe Tanga mjini, Muheza na Pangani, Korogwe na Handeni, na Lushoto. Bingwa wa kanda anaingia hata kama kanda yake ni dhaifu, na hapa msitetereke. Bila hiyo, vyuo vya mbali havitaona sababu ya kucheza ligi ya kanda.

Mwenyeji je? Kama mnataka kumpa nafasi ya moja kwa moja, iandikeni sasa na muitoe kwenye zile 4 za kamati. Mwenyeji aliyepewa nafasi siku ya uteuzi ataitwa "anabebwa" hadi fainali, hata akiwa na timu nzuri.

Andikeni vigezo kwenye karatasi moja, kwa mpangilio wa uzito, isainiwe na mwakilishi wa kila chuo. Vigezo visizidi vitano. Neno "kamati itazingatia pia mambo mengine" lifuteni. Mlango huo ndio fitina hupitia.

Mechi za nje ya kanda: hapa ndipo kamati nyingi huharibikiwa

Kulinganisha timu ya Korogwe na ya Tanga mjini ambazo hazijawahi kukutana, wala hazina mpinzani waliyecheza naye wote wawili, ni kupiga ramli. Na hesabu haiwezi kuwaokoa. Chukua kanda ya timu 4 zinazocheza zenyewe kwa zenyewe tu, kila moja mechi 3. Ukitaka kupima ubora wa wapinzani wa timu moja, unaondoa mechi walizocheza nayo, unabaki na mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Humo kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwingine, kwa hiyo wastani wao ni 0.500 kamili. Kila timu katika kanda itapata 0.500, bingwa na wa mwisho, kanda ngumu na kanda laini. Hesabu itaonekana ya kitaalamu, lakini ndani haina kitu.

Dawa ni kulazimisha mechi za nje. Kati ya mechi 6 za msimu, angalau 2 ziwe dhidi ya timu za kanda nyingine, na ratiba yake ipangwe na kamati kwa kura, si kwa makocha kupigiana simu. Makocha wakiachiwa, timu kubwa itatafuta vibonde, na timu ngumu ya chuo kidogo haitapata wa kucheza naye. Kilio hicho kipo Marekani pia: mwaka 2024 Indiana State iliachwa ikiwa imeshinda mechi 28 na kupoteza 6, na utetezi wa timu za namna hiyo ni mmoja, kwamba vigogo hawakubali kucheza nazo halafu zinaadhibiwa kwa kutocheza na vigogo.

Pangeni mechi hizo mbili moja nyumbani, moja ugenini. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda mlima kwa kona. Timu inayoteremka kwa Kosta alfajiri na kucheza saa 2:40 mjini haiko sawa na iliyolala Chumbageni. Ushindi wa ugenini lazima uwe na thamani yake, na tutaihesabu.

Hesabu yenyewe

Wamarekani walitumia kipimo kiitwacho RPI kuanzia 1981 hadi 2018, kisha wakahamia NET. Hesabu ya ndani ya NET haifanyiki kwa kalamu, kwa hiyo kwa mkoa tumieni RPI. Ina kasoro, lakini mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuikagua, na faida hiyo inazizidi kasoro zake.

Kila timu inatafutiwa namba tatu. Ya kwanza ni mechi ilizoshinda gawanya kwa ilizocheza. Hii inabeba robo ya uzito. Ya pili ni hiyo hiyo kwa wapinzani wake, ukiwa umeondoa mechi walizocheza nayo, inabeba nusu. Ya tatu ni ya wapinzani wa wapinzani. Inabeba robo iliyobaki.

Tuseme nafasi 7 zimeshajaa na zimebaki timu tatu zinazogombea ya nane. Tuziite kwa rangi za jezi.

Bluu imeshinda 5 kati ya 6: 0.833. Wapinzani wake, ukiondoa mechi zao na Bluu, wamecheza 30 na kushinda 9 tu: 0.300. Wapinzani wa wapinzani: 0.480. Robo ya 0.833 ni 0.208, nusu ya 0.300 ni 0.150, robo ya 0.480 ni 0.120. Jumla 0.478.

Nyeupe imeshinda 3 kati ya 6: 0.500. Wapinzani wameshinda 18 kati ya 30: 0.600. Tabaka la tatu 0.520. Jumla: 0.125 na 0.300 na 0.130, yaani 0.555.

Zambarau imeshinda 4 kati ya 6: 0.667. Wapinzani 15 kati ya 30: 0.500. Tabaka la tatu 0.500. Jumla: 0.167 na 0.250 na 0.125, yaani 0.542.

Sasa tazama. Timu iliyopoteza nusu ya mechi zake inaongoza, na iliyopoteza moja tu ni ya mwisho. Mashabiki wa Bluu watakuja juu, na wana hoja ya kujibiwa. Kama Bluu ilijitafutia vibonde, jibu ni rahisi. Kama vibonde ilipewa na ratiba ya kamati, si haki kuitwisha mzigo wote. Ndiyo maana tumesisitiza kura ya mechi za nje: ratiba ikipangwa kwa uwazi, angalau kila mmoja alikuwa na bahati sawa ya kupata mechi ngumu.

Kosa linalofuata ni kuamini tarakimu ya tatu baada ya nukta. Kati ya Nyeupe na Zambarau kuna pengo la 0.013. Ushindi mmoja katika mechi 6 ni 0.167, na robo yake ni 0.042. Yaani mtupo huru mmoja uliogonga chuma sekunde ya mwisho ungeisogeza timu mara tatu ya pengo hilo. Kwa hiyo wekeni kanuni: pengo lililo chini ya 0.042 ni sare, mnakwenda kigezo kinachofuata. Pengo lipimwe kutoka kwa timu yenye namba ya juu kati ya zilizobaki, si kutoka kwa jirani hadi jirani. Mkipima jirani kwa jirani mtajikuta wa kwanza ni sare na wa pili, wa pili sare na wa tatu, na wa tatu anadai yuko sare na wa kwanza.

Bluu iko nyuma ya Nyeupe kwa 0.077, ni zaidi ya mechi moja, inatoka. Nyeupe na Zambarau ni sare.

Vigezo vya kuvunja sare, kwa mpangilio huu: walipokutana wenyewe kwa wenyewe, matokeo dhidi ya wapinzani waliocheza nao wote, ushindi mzito, mwisho kura ya siri. Ushindi mzito mtauweka kwa mfano wa Wamarekani, ambao kumfunga aliye kati ya 30 bora nyumbani, 50 bora uwanja usio wa yeyote, au 75 bora ugenini ni daraja moja. Kwa timu 14, tumieni 3 bora nyumbani, 4 bora uwanja usio wa yeyote, 6 bora ugenini, mkitumia msimamo wa siku ya kufunga hesabu. Katika mfano wetu hatufiki huko: Zambarau iliifunga Nyeupe 61–58, tena ugenini. Zambarau inaingia.

Tofauti ya pointi isiwe miongoni mwa vigezo. Mkiiweka, mtaona timu inaongoza kwa 40 na bado inakaba uwanja mzima dhidi ya watoto wa mwaka wa kwanza. NET ilipoanza 2018 tofauti ilihesabiwa hadi pointi 10 tu, na 2020 kipengele hicho kikaondolewa. Ushindi wa mezani wa 20–0 uhesabiwe kama ushindi, basi.

Watu wa kuteua

Wajumbe 5, na wawili wa akiba. Akiba ni kwa sababu mjumbe ambaye chuo chake kinajadiliwa anatoka nje, na 5 ikiwa 4 kura zinagawanyika mbili kwa mbili. Anayetoka atoke kweli: nje ya mlango, simu iachwe mezani.

Kutoka nje peke yake hakutoshi, na hili lilionekana 2025. North Carolina iliingia ikiwa imeshinda 1 na kupoteza 12 dhidi ya wapinzani wa daraja la juu kabisa, huku mwenyekiti wa kamati akiwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho hicho. Alitoka chumbani kama kanuni inavyotaka. Haikusaidia: West Virginia ilikuwa imeachwa, na gavana wa jimbo lake aliitisha waandishi wa habari kulalamika. North Carolina ikashinda mechi yake ya kwanza 95–68, na hilo nalo halikumnyamazisha mtu. Kwenu suluhisho ni jepesi kuliko kwao: mwenyekiti asitoke chuo chochote kinachoshindana. Mtafuteni refa mstaafu au mtu wa chama cha mpira wa kikapu cha mkoa.

Mkifika kwenye kura, kila mjumbe aandike timu zinazogombea kwa mpangilio, 1 kwa anayemwona bora, 2 kwa anayefuata. Jumlisheni, yenye jumla ndogo inaingia. Karatasi zikunjwe, zihesabiwe mbele ya wote, zihifadhiwe kwenye bahasha hadi rufaa ziishe.

Mamluki na fildi

Hesabu nzuri juu ya orodha mbovu ni bure. Mchezaji asiye mwanafunzi akigundulika baada ya uteuzi, matokeo ya timu yake yanapinduliwa, asilimia za wapinzani wake zinabadilika, za wapinzani wa wapinzani zinabadilika, na nafasi ya nane inaweza kuhama kwenda timu ambayo haikuhusika hata kidogo. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya hesabu.

Kila chuo kilete majina 12, kila jina na kitambulisho cha chuo, namba ya usajili na uthibitisho wa muhula huu kutoka ofisi ya msajili wa wanafunzi. Picha ya kitambulisho kwenye WhatsApp isikubaliwe. Tarehe ya kuisha muda ndiyo huwa imefunikwa na kidole. Orodha zibandikwe kwa siku 3 ili vyuo vingine viweke pingamizi. Wanaowajua mamluki vizuri ni wapinzani wao. Baada ya siku hizo, funga. Mamluki atakayejulikana baadaye anaiondoa timu yake na timu ya akiba inaingia, lakini hesabu ya wengine haiguswi tena.

Fildi ni jambo jingine. Timu iliyoshinda mechi 5 ikiwa kamili inaweza kufika mashindanoni na wachezaji 6 kwa sababu wengine wako mafunzo kwa vitendo Dodoma. Je, iteuliwe kwa iliyofanya au kwa itakayoleta? Marekani mwaka 2000 Cincinnati ilikuwa namba moja nchini, Kenyon Martin akavunjika mguu siku chache kabla ya uteuzi, na kamati ikaishusha hadi daraja la pili katika kupanga timu. Kwa mkoa tunashauri msiende njia hiyo. Kukadiria nani atakuwepo kunafungua porojo za "tumesikia fulani ameondoka". Teueni kwa matokeo, ila mdai barua ya mkuu wa chuo inayothibitisha wachezaji wasiopungua 8. Chuo kisichoweza kuitoa ndani ya saa 48 kinaachia nafasi. Mkiweza, pangeni tarehe nje ya mitihani, fildi, Ramadhani na masika. Saruji ikilowa hamchezi.

Kutangaza

Tangazeni Jumapili saa 2 usiku, siku 10 kabla ya mechi ya kwanza au zaidi, ili vyuo vya mbali vipate ruhusa na gari. Timu zote 14 zipate ujumbe kwa wakati mmoja. Habari ikivuja kwa chuo kimoja saa 12 jioni, saa 2 mtakuwa mnajibu tuhuma badala ya kutangaza. Na msitume majina matupu. Ujumbe wa nafasi ya nane usomeke hivi:

"Nafasi ya 8: Zambarau (0.542). Akiba ya kwanza: Nyeupe (0.555). Akiba ya pili: Bluu (0.478). Pengo la Zambarau na Nyeupe ni 0.013, chini ya 0.042, kwa hiyo ni sare kwa kanuni ya 3. Zambarau imeingia kwa kanuni ya 4: iliifunga Nyeupe 61–58. Mjumbe mmoja alitoka nje wakati wa kujadili Nyeupe, nafasi yake ikashikwa na mjumbe wa akiba. Jedwali lote limeambatishwa. Rufaa mwisho Jumatatu saa 2 usiku."

Mtu wa Nyeupe ataona namba yake iko juu na atachukia. Lakini sababu ameipata palepale, na chuo chake kilisaini kanuni ya 3 na ya 4 miezi mitatu nyuma.

Rufaa ziruhusiwe kwa mambo matatu tu: kosa la hesabu, mchezaji asiyestahili, mjumbe mwenye maslahi. "Timu yetu ni bora" si rufaa. Ada iwepo na irudishwe rufaa ikishinda. Wanaosikiliza wasiwe walioteua.

Akiba nazo ziwe na mwisho wa kusubiri, vinginevyo wanafunzi watakaa wiki mbili na mabegi mlangoni. Mwaka 2021, wakati wa korona, Wamarekani waliweka timu 4 za akiba na mwisho wa kuziita ukawa Jumanne jioni kabla ya mashindano. Timu ya chuo cha VCU ilipokwama kwa korona Jumamosi, baada ya muda huo, hakuna aliyeitwa. Oregon, mpinzani wake, ikapita bila kucheza. Kwenu mwisho uwe Jumapili saa 2 usiku, siku 3 kabla ya mechi ya kwanza.

Kupanga makundi hakuna mjadala: ziorodhesheni timu 1 hadi 8 kwa namba zile zile, kisha 1, 4, 5 na 8 ziende kundi A, na 2, 3, 6 na 7 kundi B. Timu mbili za kanda moja zikiangukia kundi moja, badilishaneni na inayofuata kwenye orodha, mara moja tu. Halafu mpeni mtu mmoja kazi ya kuhakikisha timu ya Lushoto haipangiwi saa 1 asubuhi siku ya Jumatano.